Chumvi ya Kisimani Kwanza, ya Baharini Baadaye

Kunduchi, wilayani Kinondoni, Dar es Salaam, ina bahari mbele na jua juu karibu mwaka mzima. Chini ya ardhi yake kuna maji ambayo mwenye kisima hukutahadharisha kabla hujachota: haya ya kuogea na kufulia, ya kunywa kanunue. Ukiviweka vitu hivyo vitatu pamoja, wazo la kutumia jua kuondoa chumvi linajileta lenyewe. Kila mgao wa maji unapouma, mtu huuliza mbona watu wa Maskati wanakunywa bahari na sisi tunaitazama tu. Swali hilo ni la haki, na linastahili kujibiwa kwa hesabu. Hoja yangu ni kwamba jua la Kunduchi linaweza kweli kutupa maji ya kunywa, na elimu ya nano, ile ya nyenzo za chembe ndogo mno, ina kazi ya kufanya humo, ila tukiyakimbilia maji ya bahari tutakuwa tumeanzia mwisho. Chumvi ya kuanza nayo ni ile iliyokwisha kuingia visimani.

Dar es Salaam hunywa Mto Ruvu. Mtambo wa Ruvu Juu uliopanuliwa una uwezo wa lita milioni 196 kwa siku, na Ruvu Chini, ulio wilayani Bagamoyo, lita milioni 270. Bomba kuu la Ruvu Chini hufuata Barabara ya Bagamoyo kuelekea matangi ya Chuo Kikuu, hivyo maji yanayonywewa mjini yanapita jirani na Tegeta, Kunduchi na Mbezi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Mwezi Oktoba mwaka huo huo mvua zilichelewa, mto ukapungua, na uzalishaji wa DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, ukashuka hadi karibu lita milioni 300 kwa siku wakati mahitaji yalikuwa yamepita milioni 500. Mgao ukatangazwa, maboza yakapandisha bei, na watu wakarudi kwenye visima vya chumvi. Serikali ilijibu kwa kuharakisha visima virefu vya Kigamboni na kusaini mkataba wa bwawa la Kidunda huko Morogoro, ambalo litahifadhi takriban lita bilioni 190 ili Ruvu isikauke wakati wa kiangazi. Hatua zote mbili zilihitajika. Lakini Kidunda bado ni Ruvu ile ile, na kwa mji unaoongezeka hivi, kutegemea mto mmoja ni hatari isiyoondoka kwa kujenga bwawa juu yake.

Tuanze na chumvi yenyewe. Lita moja ya maji ya bahari ina karibu gramu 35 za chumvi, kwa hiyo dumu la lita 20 limebeba gramu 700. Dumu hilo hilo likijazwa maji ya kisima chenye gramu 3 kwa lita, linabeba gramu 60. Shirika la Afya Duniani linasema maji yenye zaidi ya gramu 1 ya madini yaliyoyeyuka kwa lita huanza kukosa ladha ya kunyweka. Kazi ya kuyafikisha maji ya kisima pale ni ndogo mara nyingi kuliko kazi ya kuyafikisha maji ya bahari, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kila kitu kitakachofuata: umeme, vifaa, bei, na mabaki.

Njia ya kwanza ya jua ni ya zamani. Unafunika maji ya chumvi kwa kioo, jua linayapasha moto, mvuke unapanda na kuganda kwenye kioo kama matone, matone yanatiririka kwenye mfereji. Mwaka 1872 mhandisi Charles Wilson alijenga mtambo wa namna hii Las Salinas, jangwani kaskazini mwa Chile, kwa ajili ya wachimba migodi na wanyama wao. Vioo vilifunika zaidi ya mita za mraba 4,400, na katika siku nzuri mtambo ulitoa zaidi ya lita 20,000. Ulifanya kazi kwa miongo kadhaa, na ni jambo la kuheshimu. Ila ugawe: kila mita ya mraba ilitoa kama lita 5, tena katika jangwa ambalo mawingu ni nadra.

Kikomo hicho hakikutokana na uzembe wa Wilson. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunakula karibu uniti 0.68 za nishati, uniti zile zile tunazonunua TANESCO. Jua la Dar es Salaam, kwa wastani wa mwaka, huleta karibu uniti 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Hata usipopoteza chochote, mita moja ya kioo haitavuka lita 7 na kidogo. Vyombo halisi, vinavyopoteza joto pembeni na chini, hutoa lita 3 au 4. Familia ya watu sita ingehitaji uwanja wa vioo kwa ajili ya maji ya kunywa na kupikia peke yake.

Njia ya pili haigusi mvuke kabisa. Maji yanasukumwa kwa nguvu kupita kwenye utando mwembamba unaoruhusu maji na kuzuia chumvi. Wataalamu huiita osmosisi kinyume, na wauza maji wa mitaani wanaijua kwa jina la mashine ya RO. Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan walitengeneza utando wa kwanza wa kufaa kazi hii mwishoni mwa miaka ya 1950 huko California, na mji mdogo wa Coalinga ukawa wa kwanza kuutumia kwa umma mwaka 1965, kwa maji ya visima vyenye chumvi. Sayansi ya joto inaonyesha kwamba kutoa nusu ya maji ya bahari yakiwa safi hakuwezi kugharimu chini ya takriban uniti 1 kwa lita 1,000. Mitambo mizuri ya leo, pamoja na pampu zote, hutumia uniti 3 hadi 4. Maji ya kisima yenye gramu chache za chumvi yanaweza kusafishwa kwa uniti 1 hivi.

Sasa weka mita moja ya paneli ya sola mahali pa mita moja ya kioo. Paneli inakamata moja ya tano ya jua, na ukitoa hasara za joto, vumbi na inveta, unabaki na kama uniti 0.75 kwa siku. Kwa uniti 4 kwa lita 1,000, hiyo inatosha karibu lita 190 za maji yaliyotoka baharini. Kwa maji ya kisima inakaribia lita 750. Kioo kilikuwa kinakupa 4. Paneli inapoteza asilimia 80 ya jua na bado inashinda kwa mbali, kwa sababu utando hauyalazimishi maji kuwa mvuke. Mtu yeyote anayekuja na pendekezo la maji ya jua kwa Kunduchi lazima aikabili hesabu hii kabla ya kuonyesha picha.

Hapa ndipo nanomateria zinapoingia, na zimeingia kwa milango miwili tofauti ambayo magazeti huichanganya.

Mlango wa kwanza ni wa mvuke. Chombo cha kizamani hupasha moto maji yote, wakati mvuke unatoka juu tu. Mwaka 2014 kundi la Gang Chen katika chuo cha MIT, Marekani, liliweka tabaka la grafiti iliyochambuliwa hadi kuwa maganda membamba sana juu ya povu la kaboni linaloelea. Weusi ule unanyonya jua, joto linabaki usoni, na maji yanapanda kidogo kidogo kupitia vinyweleo vya povu. Mwaka mmoja kabla, kundi la Naomi Halas wa chuo cha Rice lilikuwa limetoa mvuke kwa chembe za nano zilizotawanywa ndani ya maji. Mwaka 2018 Guihua Yu na wenzake wa Texas walitangaza jeli yenye vinyweleo vya nano iliyovukiza zaidi ya lita 3 kwa mita ya mraba kwa saa, kiasi kinachopita kile ambacho hesabu ya kawaida ya joto inaruhusu. Wao walieleza kwamba maji yaliyobanwa ndani ya jeli yanahitaji joto dogo zaidi ili kuvukizwa, na wanasayansi bado wanabishana kuhusu maelezo hayo. Hatua kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ilikuja 2020. Evelyn Wang wa MIT, pamoja na watafiti wa Shanghai Jiao Tong, walipanga ngazi kumi za kuvukiza na kugandisha, joto linaloachwa na mvuke wa ngazi moja likitumika kuvukiza maji ya ngazi inayofuata. Walipata lita 5.78 kwa mita ya mraba kwa saa.

Hizo ni kazi za akili kubwa. Lakini zidisha lita 5.78 kwa saa tano za jua kali unazozipata Kunduchi kwa siku: hazifiki 30. Bado uko mbali sana na 190, sembuse 750. Kisha kuna chumvi inayoganda kwenye vile vinyweleo, vumbi, mwani, na swali la nani atabadilisha povu likichakaa. Si sababu ya kuidharau teknolojia hii. Ina sifa moja ambayo utando hauna: haijali maji yana chumvi kiasi gani. Utando huchoka maji yanapokaribia mara mbili ya chumvi ya bahari, kwa sababu shinikizo linalotakiwa linazidi uwezo wa pampu na wa utando wenyewe. Mvuke unaendelea kupanda hata kwenye maji mazito ya mashamba ya chumvi. Sifa hiyo nitairudia, kwa sababu ndiyo inayoipa kazi ya kweli Kunduchi.

Mlango wa pili ni wa utando, na huu umekwisha kuingia sokoni bila makelele mengi. Mwaka 2007 Eric Hoek wa UCLA alionyesha kwamba ukichanganya chembe za nano za zeolaiti ndani ya utando wa kawaida, maji hupita kwa wepesi zaidi bila chumvi kuongezeka. Kampuni iliyozaliwa na ugunduzi huo ilinunuliwa na LG Chem mwaka 2014, na tando zake zinauzwa duniani kama bidhaa nyingine yoyote. Faida yake isikuzwe kupita kiasi. Katika mitambo ya bahari, kazi ya utando peke yake, ukiacha pampu nyingine, tayari haiko mbali na kile kikomo cha uniti 1, kwa hiyo utando mwepesi zaidi hauwezi kupunguza umeme kwa nusu. Pale ambapo elimu ya nano inaweza kutusaidia zaidi ni katika kuzuia uchafu kushikamana na utando, na katika kuyaandaa maji kabla hayajaufikia. Visima vya Dar vina chuma, bakteria na naitreti kutoka vyoo vya shimo. Utando hufa kwa mambo hayo mapema kuliko kwa chumvi.

Na katika kuyaandaa maji, Tanzania haiko nyuma. Askwar Hilonga, aliyezaliwa kijiji cha Gongali wilayani Karatu, alisomea uhandisi wa kemia hadi shahada ya uzamivu Korea Kusini kisha akafundisha Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha. Alitengeneza kichujio kinachounganisha mchanga, ambao mababu wanaujua, na nanomateria zinazochaguliwa kulingana na ubaya wa maji ya mahali husika: floraidi kwa Arusha na Manyara, metali nzito kwa maeneo ya migodi. Mwaka 2015 alikuwa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Kichujio cha kunyonya namna hiyo hakifai kuondoa chumvi ya bahari, kwani hakuna nyenzo ya kunyonya gramu 700 kwenye kila dumu bila kujaa mara moja. Floraidi inahesabiwa kwa miligramu, ndiyo maana pale kinaweza. Ninachokithamini kwa Hilonga ni utaratibu wake: alipima kwanza maji ya mahali, ndipo akachagua nyenzo. Kunduchi inahitaji utaratibu huo kuliko inavyohitaji mashine ya maonyesho.

Maana maji ya chini ya Kunduchi yana tabia yake. Ardhi ni mchanga juu ya mawe ya matumbawe ya kale, mawe yale yale yaliyopasuliwa kwenye machimbo ya Mtongani. Mvua inapozama, maji baridi hukaa juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini, kwa sababu ni mepesi zaidi. Kanuni iliyotambuliwa Ulaya mwishoni mwa karne ya 19 inasema kwamba kwa kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 chini yake. Hiyo ni habari njema mpaka uisome kinyume: ukivuta hadi kushusha mita moja juu, maji ya bahari yanaweza kupanda mita 40 kutoka chini. Waliojenga mji wa kale wa Kunduchi, ambao msikiti wake uliobomoka na makaburi yaliyopambwa kwa sahani za Kichina bado yapo, waliishi pwani isiyo na mto wa kutegemewa, na miji ya Waswahili ya namna hiyo ilikunywa visima vifupi. Walichota kwa ndoo. Sisi tunachota kwa pampu za umeme usiku kucha. Baada ya ukame wa 1997 visima vilichimbwa kwa wingi mjini kote, vya serikali na vya watu binafsi, na tafiti zilizofuata kuanzia Temeke hadi Kinondoni zimekuta chumvi ikiongezeka kwenye visima vingi vilivyo karibu na bahari.

Kwa hiyo pendekezo langu la kuanza na visima lina hatari yake ndani, na afadhali niitaje mwenyewe. Sola haina bili. Mwenye kisima aliyekuwa anazima pampu kwa kuogopa TANESCO ataiacha ivute kuanzia asubuhi hadi jioni. Mashine ya kuondoa chumvi nayo itamwondolea onyo la pili, lile la ulimi: kisima kikizidi kuwa kichungu, maji anayouza yatabaki matamu. Anaweza kumaliza maji baridi ya mtaa mzima bila yeyote kuhisi. Teknolojia nzuri ikiwekwa bila kipimo inaweza kuileta bahari Kunduchi haraka kuliko isingekuwepo.

Wenzetu wamejaribu nini? Kiunga, kijiji cha Lamu karibu na mpaka wa Somalia, kilikuwa na visima vya chumvi na hakuna kingine. Mwaka 2018 shirika la GivePower la Marekani lilijenga pale mtambo wenye paneli za kilowati 50 na betri, wenye uwezo wa kufikia lita 75,000 kwa siku. Kwa watu waliokuwa wakinywa maji yale, ni ukombozi. Mombasa ilipanga kwa ukubwa zaidi: mwaka huo huo serikali ya kaunti ilitangaza mtambo wa bahari wa lita milioni 100 kwa siku pamoja na kampuni ya Hispania, Almar, na miaka ikapita bila bomba kutoa maji hayo. Oman ndiyo shule ndefu. Mtambo wa Al Ghubrah, Maskati, ulianza 1976, na leo sehemu kubwa mno ya maji ya bomba nchini humo hutoka baharini. Ndugu zetu waliohamia huko wakizungumza Kiswahili wamelea watoto na wajukuu kwa maji hayo. Ila Oman ilikuwa na gesi yake ya kuendeshea mitambo, na hata hivyo mwani mwekundu ulipofunika bahari mwaka 2008 na 2009, mitambo kadhaa ililazimika kusimama. Sasa mtambo wa Sur, huko huko Oman, umewekewa sola ya megawati 17 kupunguza utegemezi wa gesi. Dubai nayo ilitangaza 2023 bei ya dola 0.365 kwa lita 1,000 katika mtambo wa Hassyan, unaotarajiwa kuzalisha zaidi ya lita milioni 800 kwa siku. Bei hiyo ndogo inanukuliwa sana. Inatokana na ukubwa wa mtambo, mkopo wa riba nafuu na serikali inayodhamini mnunuzi. Huwezi kuichukua bei ukaacha hivyo vingine bandarini.

Kwetu, tuseme mtambo wa bahari unatumia uniti 4 kwa lita 1,000 na umeme wa kawaida ni karibu shilingi 300 kwa uniti kabla ya kodi. Umeme peke yake ni shilingi 1,200. DAWASA imekuwa ikimtoza mteja wa bomba chini kidogo ya shilingi 1,700 kwa lita 1,000. Kinachobaki hakiwezi kulipa utando, dawa, mafundi na mkopo. Sola yetu wenyewe inapunguza sehemu ya umeme lakini inaongeza mkopo wa paneli. Wakati huo huo, kwa miaka mingi sehemu inayokaribia theluthi ya maji yanayozalishwa mjini, na mara nyingine zaidi, imekuwa ikipotea kabla ya kufika kwenye mita. Theluthi ya lita milioni 500 ni kubwa kuliko mtambo wowote wa bahari ambao mtu mwenye busara angependekeza kwa Kinondoni leo. Kuziba bomba hakupigiwi picha za uzinduzi, lakini hayo ndiyo maji ya bei nafuu kuliko yote.

Baada ya bomba, mvua. Dar hupata karibu milimita 1,100 kwa mwaka. Bati la mita za mraba 50, ukitoa hasara ya moja ya tano, linakinga lita 44,000 kwa mwaka. Chumbe, kisiwa kidogo cha Zanzibar, kimeendesha nyumba zake za wageni kwa maji ya mvua tangu miaka ya 1990. Tatizo la Kunduchi ni kuhifadhi: mvua inakuja yote masika na vuli, na kati yake kuna miezi mirefu. Miezi hiyo ndiyo miezi ambayo paneli inafanya kazi vizuri kuliko yote, kwa hiyo vitu hivi viwili vinasaidiana.

Nikichora kituo cha maji cha mtaa mmoja, kinakuwa hivi. Lita 10,000 kwa siku za kunywa na kupikia, yaani lita 5 kwa watu 2,000. Kazi nyingine za nyumbani ziendelee na maji ya kisima kama ilivyo. Pamoja na kuvuta kutoka chini, tunahitaji kama uniti 15 kwa siku, sawa na mita za mraba 20 za paneli, zinazoenea juu ya paa la ofisi ya serikali ya mtaa. Betri hazihitajiki: mashine ifanye kazi jua likiwepo, na simtanki lihifadhi maji ya usiku. Mbele ya utando kuwe na mchanga na kichujio cha aina ya Hilonga, kilichopangwa kwa ajili ya chuma na uchafu wa hapo. Utando utabadilishwa kila miaka mitatu hadi mitano, na fedha yake iwekwe kando kuanzia dumu la kwanza linalouzwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Wizara ya Maji ilipohesabu vituo vya maji vijijini, zaidi ya theluthi havikuwa vikitoa maji, na vingi havikushindwa na sayansi. Vilishindwa na kifaa cha shilingi elfu kadhaa ambacho hakikuwa na wa kukinunua. Kinondoni kuna vyuo na kuna vijana wanaofunga sola kila siku. Fundi yupo, kinachokosekana ni mkataba unaomlipa arudi.

Maji hayo pia yasichukuliwe kuwa suala la ladha tu. Utafiti wa pwani ya Bangladesh umehusisha chumvi ya maji ya kunywa na shinikizo la damu na kifafa cha mimba kwa wajawazito. Na Kinondoni ndiko mlipuko wa kipindupindu wa Agosti 2015 ulikoanzia. Utando unazuia chumvi, naitreti na vimelea kwa pamoja, jambo ambalo kidonge cha klorini hakiwezi. Maji yakitoka yanakuwa matupu mno, yanakula mabomba, kwa hiyo huongezewa madini kidogo na klorini kabla ya kuuzwa.

Yanabaki mabaki, ambayo wauzaji wa mashine huyataja mwishoni kwa sauti ndogo. Duniani mitambo ya kuondoa chumvi inatoa maji ya chumvi kali mengi kuliko maji safi: tathmini ya 2019 ilikadiria lita bilioni 142 kwa siku dhidi ya bilioni 95. Mtambo wa bahari Kunduchi ungemwaga mzigo huo mbele ya mikoko, soko la samaki na hifadhi ya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, iliyotengwa tangu 1975. Kisima kinabadilisha hesabu hii kabisa. Kituo cha lita 10,000 kikivuta lita 13,300 za gramu 4, kinabakiza lita 3,300 zenye kama gramu 16 kwa lita, chini ya nusu ya chumvi ya bahari. Kosa kubwa litakuwa kuzimwaga kwenye shimo nyuma ya nyumba, kwa sababu zitarudi kwenye kisima kile kile. Zipelekwe baharini kwa bomba, mbali na mikoko, au kwenye mashamba ya chumvi ambayo Kunduchi inayo tayari.

Na mashamba hayo ndiyo mahali pa majaribio ya yale matabaka meusi ya nano. Watengeneza chumvi wa Kunduchi wanavukiza bahari kwa jua kila kiangazi na kuuacha mvuke wote uende na upepo. Maji ya madimbwi yao ya mwisho ni mazito kiasi kwamba hakuna utando unaoyaweza, ilhali mvuke unayaweza. Tabaka jeusi linaloelea lingeweza kuharakisha ukaukaji, hivyo chumvi ile ile ipatikane kwenye eneo dogo zaidi na mikoko isikatwe kupanua mashamba. Kifuniko cha kugandisha mvuke kingewapa wafanyakazi lita chache za maji ya kunywa hapo hapo. Kisiwa cha Mbudya, ambacho hakina maji baridi na hupokea wageni wa siku moja, ni mahali pengine pa kufaa, kwa kuwa pale lita 25 za mita moja ni msaada halisi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kampasi ya sayansi za majini hapo Kunduchi na TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, ina makao yake makuu huko huko. Nanomateria ambayo haijulikani kama humeguka na kuingia majini au kwenye chumvi isiwekwe mahali popote kabla hawajaipima.

Kazi ya kwanza kabisa haihitaji paneli wala utando. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inampa kila mwenye kisima kirefu wajibu wa kibali, na Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu ndiyo inayotoa vibali hivyo. Kipimo cha mkononi cha chumvi hupima kisima kwa dakika moja. Visima vya Kunduchi, Ununio, Mtongani na Tegeta vipimwe mwishoni mwa kiangazi na tena baada ya masika, matokeo yabandikwe kwa jedwali ofisi za mitaa, na kila kibali kiandikwe kiwango cha chumvi ambacho kisima kikikifikia, pampu inapunguzwa. Tukichukulia kwamba moja ya kumi ya mvua inazama, kilomita moja ya mraba inapokea kama lita 300,000 kwa siku. Kituo kimoja cha mtaa kinachukua 13,300 kati ya hizo. Visima vya binafsi vilivyojazana kwenye kilomita hiyo hiyo vinachukua kiasi gani, jedwali hilo ndilo litakalotuambia, na bila hilo hakuna anayeweza kusema vituo viwe viwili au ishirini.